Ukurasa Uliosema "Leo"

Mwaka ulikuwa 2016, kiangazi kilikuwa kimekaza, nami nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa informatiki, yaani elimu ya kompyuta, katika chuo kimoja cha Uvira, mkubwa wa umri kuliko walimu wangu wote isipokuwa mmoja. Nawaandikia ninyi vijana mnaojifunza kazi niliyoiacha tarehe 31 Desemba 2024, kwa sababu nasikia mkisema kwamba kutengeneza ukurasa wa mtandao ni jambo la rangi na picha. Mimi nilijifunza kwamba ni jambo la hofu. Mtu usiyemwona ataamini ulichoandika, atavaa viatu vyake, na atatoka nyumbani.

Nijitambulishe kwanza. Niliuza ndagala, dagaa wa ziwani, bandarini Kalundu kwa miaka ishirini na miwili. Mume wangu alifariki tarehe 14 Februari 2003, nami sikumwomba mtu yeyote anihurumie. Diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliipata mwaka 2013, miaka mitatu baada ya binti yangu Furaha kuipata yake, na alama zangu zilizidi zake, jambo ambalo hapendi nilitaje. Nilipoingia chuoni, vijana wa darasa waliniita Koko, yaani bibi. Siku ya kwanza nilisita mbele ya kompyuta, na mmoja wao akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Koko, gusa tu! Ordinatere hayiumaka batu."

"Minye nilianza kuuza ndagala mu Kalundu mbele mama yako anazaliwa," nikamjibu. "Hiyo ordinatere njo itaniogopa."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini nilingoja watoke ndipo nikaigusa.

Msimamizi wa kazi yangu ya mwisho wa masomo alikuwa Mwalimu Bahati, kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi kila siku hata umeme ukikosekana juma zima. Alinituma kufanya stazi, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Juni, katika chama cha wenye maboti pale Kalundu. Kazi ilikuwa kukitengenezea chama ukurasa ambao msafiri angeufungua kwenye simu yake na kujua boti gani inaondoka, siku gani, na inapita wapi. Mwishoni chama kingeniandikia cheti cha stazi. Bila cheti hicho nisingeruhusiwa kuitetea kazi yangu mbele ya walimu, na bila kuitetea miaka yangu mitatu ingekuwa bure.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Chama kikubwa kuliko vyote katika Afrika ya Kati." Mwalimu Bahati aliisoma, akavua miwani.

"Mama, nani alivihesabu?"

"Vyama?"

"Ndiyo, Mama. Nani alivihesabu, lini, na mimi nikitaka kuhakikisha nimuulize nani?"

Nilikasirika siku mbili, kisha nikaufuta mstari ule. Maswali yake matatu nimeyabeba katika kazi yangu yote: nani anasema, lini amesema, tumuulize nani. Ukurasa usioyajibu hauaminiki hata ukipambwa kama bibi harusi. La kwanza na la tatu niliyajibu vizuri. Niliandika jina la chama, nikaweka namba ya simu ambayo kweli ilikuwa ikilia mezani kwa karani. La pili nilidhani nimelijibu.

Kabla ya ukurasa wangu, wasafiri walitegemea ubao mweusi uliotundikwa kwenye ukuta wa biro, ofisi ya chama, na karani aliyeitwa Papa Songolo. Kila asubuhi aliufuta ubao wote kwa kitambaa chenye maji, akasubiri ukauke, kisha akaandika tarehe katika kona ya juu kulia kabla ya neno lolote lingine, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nilimwambia kwa upole wa dharau kwamba muda si mrefu angepumzika.

"Mama Furaha," akasema, "ukurasa yako iko muzuri sana. Lakini tarehe iko fasi gani?"

"Nimeandika 'leo', Papa. Kila asubuhi nabadilisha."

Akatazama mashine yangu, akatazama ubao wake, akarudi kwenye chaki. Natamani angeongeza neno.

Kosa la pili ni letu sote hapa kwetu, na hadi nilipostaafu nilikuwa nikiliona kila mwezi. Tazameni kalenda za biro zetu, tazameni vitabu vya mikutano. Kila kitu huanza na picha ya mkubwa. Prezida wa chama, Muzee Alimasi, mwenye boti mbili, alikuwa amepigwa picha nzuri: suti, kofia nyeupe, uso uliojaa. Hakuniomba niiweke. Niliiweka mwenyewe kwa heshima, juu kabisa, pana kama skrini nzima, na chini yake Neno la Prezida, na chini ya Neno la Prezida ndipo habari za safari. Picha hiyo ilikuwa nzito. Sikuipunguza hata kidogo kwa sababu niliona vibaya kumpunguza mtu mzima.

Mwalimu Bahati alinionya. "Mama, kwenye simu ndogo picha hii itakula mega zote za intaneti kabla msafiri hajafika kwenye safari."

Nikamwambia, "Mwalimu, ukiingia kwenye uwanja wa watu, unamsalimia kwanza mwenye nyumba, ndipo unaomba maji ya kunywa. Ukurasa nao ni uwanja wa watu."

Mwanafunzi wa miaka ishirini angeamriwa aiondoe siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na umri wa mama yake, akaniachia. Hapo ndipo umri wangu ulipotudhuru.

Ukurasa ulianza kazi mwanzoni mwa Julai. Kwa kuwa mega ni ghali, niliwashauri watu wote, nikiwa nimejawa na majivuno, kwamba wakishaufungua wauhifadhi kwenye simu, wausome tena bila kulipa. Furaha alikuwa wa kwanza kufuata ushauri huo. Wakati huo alikuwa kwa wakwe zake, katika kijiji kimoja cha pwani kusini mwa Uvira, pamoja na mtoto wake Ushindi wa miezi tisa. Kijiji hicho hakina gati. Boti kubwa ikipita, abiria hupelekwa kwa mtumbwi hadi ndani ya ziwa, mtumbwi husubiri pale, boti hupunguza mwendo, watu huvutwa juu kwa mikono. Tangu zamani watu wa pwani hiyo wanasafiri hivyo, na ziwa likitulia hakuna anayeona ajabu.

Jumatatu, tarehe 8 Agosti, Furaha aliufungua ukurasa, akauhifadhi. Niliandika siku hiyo: "Leo boti inasafiri na kupita vijiji vyote. Ziwa limetulia." Ilikuwa kweli kabisa. Alhamisi, tarehe 11 Agosti, upepo wa kusini uliamka kabla ya jua, na kamati ikazuia safari zote. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliandika: "Leo hakuna boti. Upepo ni mkali. Msiingie ziwani." Nikaikagua kwenye mashine ya biro, ikaonekana vizuri. Nikaenda kunywa chai.

Saa mbili kasoro dakika kumi simu yangu ililia.

"Mama, tuko mu mutumbwi," Furaha alisema, akipaza sauti juu ya kelele za maji. "Tunangoja boti. Iko fasi gani? Hatuione."

"Mutumbwi gani? Furaha, hakuna boti!"

"Mama, weye mwenyewe uliandika leo inapita…"

Kisha sauti ilikatika. Nilipiga tena. Nilipiga mara nyingi. Mwanamke wa kwenye mashine ya simu aliniambia kwa adabu, kwa Kifaransa, kwamba mtu niliyempigia hapatikani.

Wanangu, sina ustadi wa kuieleza siku ile, na sitaupamba woga wangu. Nitasema nilichokiona. Nilitoka nje, nikasimama chini ya ubao wa Papa Songolo. Katika kona ya juu kulia paliandikwa: Alhamisi 11/08/2016. Chini yake: Hakuna boti. Mtu yeyote mwenye macho asingekosea. Mbele yangu ziwa lilikuwa limebadilika rangi, mawimbi yalikuwa meupe hadi mbali, na mashua zilizofungwa gatini zilikuwa zikigongana. Nilimwambia Papa Songolo. Uso wake ulibadilika, lakini hakuniambia kwamba alinionya. Aliingia ndani, akachukua daftari lake la namba, akaanza kuwapigia wavuvi wa pwani yote, kijiji kwa kijiji. Nilimsikia akirudia maneno yaleyale: "Mutumbwi moya, mama na mutoto. Mumewaona? Eh. Angalia muzuri."

Saa nne, hakuna habari. Saa sita, mvuvi mmoja alisema ameona kasia linaelea peke yake. Nilikaa chini kwenye saruji. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia mkwe wangu kwamba ni mimi niliyemuua mke wake kwa neno moja. Wanawake niliouza nao ndagala walikuja wakakaa karibu nami, na hakuna aliyefungua mdomo. Kimya chao kilinitisha kuliko upepo, kwa sababu nawajua, hawanyamazi kwa jambo dogo.

Saa kumi na robo alasiri simu ya biro ililia. Papa Songolo alisikiliza muda mrefu, mgongo wake ukiwa kwangu. Kisha akageuka.

"Wako hai, Mama Furaha. Wote wawili na mwenye mutumbwi."

Upepo uliwasukuma kaskazini, ukawatupa kwenye matete karibu na kijiji kingine. Kasia lilipotea, mzigo wa nguo ulipotea, Ushindi alikuwa amekunywa maji kidogo na kulia sana. Simu ilisalimika kwa sababu Furaha aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaivaa shingoni.

Alipofika nyumbani Ijumaa asubuhi alinieleza, bila kunilaumu, na hiyo iliniuma zaidi. Alhamisi ile alijaribu kwanza kuufungua ukurasa upya. Picha ya Prezida ilianza kushuka polepole. Ilionekana kofia, likaonekana paji la uso, mega zikaisha. Akarudi kwenye ukurasa wa Jumatatu aliouhifadhi, ukamwambia "leo", naye akaamini ni habari ya asubuhi ile.

Siku hiyohiyo, Ijumaa tarehe 12 Agosti, saa tano asubuhi, niliiondoa picha. Niliondoa na Neno la Prezida. Juu kabisa niliweka tarehe, kwa herufi kubwa, na saa, na jina la aliyeandika. Sikumwomba mtu ruhusa.

Muzee Alimasi alikuwa safarini. Aliporudi Jumatatu alifungua ukurasa kwenye simu yake kubwa mbele ya wageni, akakuta hayupo. Jumanne, tarehe 16, nililetewa barua yenye mhuri. Iliniita mbele ya kamati kujieleza kwa "kumfuta Prezida hadharani", na ikasema kwamba cheti cha stazi kimesimamishwa. Nilimpelekea Muzee barua ya kuomba kuonana naye. Nilikutana naye mlangoni.

"Mama," akasema, "minye nilikupokea kama dada yangu. Kumbe weye iko natafuta kuniondosha mu kiti?"

"Hapana, Muzee. Binti yangu…"

"Utasema mbele ya kamati."

Kikao kilipangwa tarehe 20 Agosti, kikaahirishwa, kikapangwa tena tarehe 27, kikaahirishwa. Chuoni orodha ya watakaotetea kazi zao ingefungwa tarehe 5 Septemba. Nilipungua hadi pete ya ndoa ikawa inateleza kidoleni. Nilikuwa naogopa kupoteza diploma, hilo sifichi. Lakini niliogopa zaidi jambo lingine: kwamba kamati ingenirudisha kwenye ukurasa wa zamani kwa amri, na upepo mwingine ungekuja, na Furaha wa mtu mwingine angekuwa ndani ya mtumbwi.

Niruhusuni niruke mbele kidogo, kwa sababu hofu ile ndiyo iliyonifundisha kazi. Mwaka 2019 niliitengenezea zahanati ndogo ya Kilibula ukurasa wa siku za chanjo. Kabla ya kuufungulia umma, niliwapa simu mama watano waliokuwa kwenye foleni, simu ndogo zenye kioo kilichopasuka, nje, kwenye jua kali, mtoto mgongoni. Nilikaa kimya nikawatazama. Kukaa kimya ni nusu ya kazi. Ukianza kueleza, umeshindwa, kwa maana hutakuwepo siku atakayokuwa peke yake. Mmoja alibonyeza mahali pasipo na kitu mara sita, kwa sababu nilikuwa nimepiga mstari chini ya neno kwa urembo tu, naye akadhani ni mlango. Nilifuta mistari yote. Mwaka 2021, kwa wakulima wa mpunga wa Bwegera, niligundua kwamba kitufe changu kilikuwa chembamba kuliko kidole gumba kinachotoka shambani. Tangu hapo nilipima vitufe kwa gumba la mkulima. Picha nilizipunguza hadi mwenye picha analalamika, kisha nikazipunguza tena kidogo. Na neno "leo" halikuwahi kutoka tena mkononi mwangu bila tarehe pembeni yake.

Lakini mwaka 2016 sikuwa na ujasiri huo. Papa Songolo alinikuta nikiandika utetezi wa kurasa saba.

"Usisome ile," akasema. "Watalala. Lete binti yako na simu yake."

Jumamosi, tarehe 3 Septemba 2016, saa tatu asubuhi, kamati ilikaa. Walikuwa wanaume saba kuzunguka meza, Muzee Alimasi katikati akiwa na kofia yake nyeupe. Mwalimu Bahati alikaa nyuma yangu, shati limepigwa pasi. Alikuwa ameleta ukurasa wa zamani kama ulivyokuwa, kwenye anwani nyingine, kwa ajili ya ushahidi. Nilisimama, nikasema sentensi moja: "Wazee, naomba Prezida aufungue ukurasa wa zamani kwenye simu hii, ili ajue boti inaondoka au haiondoki." Kisha nikakaa.

Furaha alimkabidhi simu yake, yenye mega chache kama za siku ile, kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Muzee aliishika, akavaa miwani, akabonyeza. Wote tulisubiri. Kofia ya pichani ilishuka polepole. Likafuata paji la uso. Kisha simu ikaandika kwamba mega zimekwisha.

"Uso yote iko wapi?" Muzee akauliza.

"Imebakia huko juu ku mutandao, Muzee," mjumbe mmoja akasema, na mwingine akakohoa kuficha kicheko.

Muzee alitaka kukasirika, niliona. Ndipo Furaha akazungumza kwa sauti ndogo.

"Muzee, njo ile paji ya uso niliona ile siku. Niliona paji, mega zikaisha. Nikaingia mu mutumbwi na huyu mutoto."

Ushindi alikuwa mgongoni mwake, akinyonya pindo la kitenge. Muzee aliitazama simu, kisha akamtazama mtoto. Alivua kofia, akaiweka mezani.

"Mama Furaha," akasema, "mbona hukuniambiaka picha iko nzito?"

"Niliogopa, Muzee."

"Na minye, kama ungeniambia, ningekasirika," akasema. "Basi tuko wawili."

Maamuzi ya kamati yakaandikwa na katibu katika prosè-verbal, yaani kumbukumbu za kikao, nami nina nakala yake. Kwanza, tarehe na saa zitakuwa juu kabisa ya ukurasa. Pili, habari ya safari itafuata mara moja. Tatu, picha ya Prezida itakuwa katika ukurasa wa pili, wenye habari za chama, kwa ukubwa wa picha ya pasipoti. Nne, kila badiliko litajaribiwa kwanza kwenye simu ndogo kuliko zote zilizopo bandarini. Tano, cheti cha stazi kitolewe. Wajumbe saba walitia sahihi, nami nikatia yangu.

Karatasi ilipomfikia Papa Songolo ili apige mhuri, alisimamisha mkono hewani.

"Haina tarehe," akasema.

Katibu alinyoosha mkono airudishe, lakini Muzee Alimasi alimtangulia. Alichukua karatasi, akavuta kalamu yangu, na katika kona ya juu kulia, kwa mwandiko wa polepole wa mtu anayejua anachokiandika, akaandika: Uvira, tarehe 3 Septemba 2016. Kisha akaisoma kwa sauti, chumba kizima kikisikiliza, na mhuri ukashuka.